Ganda la Jengo: Kinachozuia Mvua, Chumvi na Joto Katika Maghorofa Mapya ya Pwani

Kuanzia Kizingo na Tudor hadi Nyali, Bamburi, Shanzu na Mtwapa, nyumba za zamani zenye ua zinabomolewa na mahali pake panapanda maghorofa. Mtindo ni ule ule: maduka, benki au mkahawa chini, maegesho ya magari ghorofa moja au mbili, kisha fleti hadi juu, na tangi za maji kileleni, pengine na bwawa la kuogelea. Nyingi huuzwa kabla ya msingi kuchimbwa, kwa picha na ramani tu. Mnunuzi huuliza bei, huuliza maji na lifti, huuliza kama sebule inaona bahari. Swali moja hulisahau: mvua ya masika ikisukumwa na kusi na kupiga ukuta huu usiku kucha, maji yatakwenda wapi?

Swali hilo lina mtaalamu wake, mshauri wa ganda la jengo. Kwetu bado ni jina geni, na miradi mingi humwachia kazi hiyo msanifu, mhandisi na fundi wa rangi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaishughulikia. Makala haya yanaeleza ganda la jengo ni nini, linashambuliwa na nini hapa Pwani, mshauri hufanya nini katika kila hatua, na mnunuzi aulize nini kabla ya kutia sahihi.

Ganda la jengo ni nini

Ganda ni kila kitu kinachotenga ndani na nje: paa, kuta za nje, madirisha na milango, sakafu za roshani, kuta za chini ya ardhi, na viungo vyote ambamo sehemu hizo hukutana. Mhandisi wa jengo huhakikisha nguzo na slabu hazianguki. Ganda lina kazi nyingine: kuzuia maji ya mvua, kupunguza joto la jua, kudhibiti hewa na unyevu unaopita, kupunguza kelele, na kuchelewesha moto usirukie ghorofa nyingine.

Jambo la kwanza ambalo mshauri mzuri atakwambia ni kwamba maji huingia mara chache sana katikati ya ukuta. Huingia kwenye viungo: pale fremu ya dirisha inapokutana na plasta, pale slabu ya roshani inapokutana na kizingiti cha mlango, pale bomba linapotoboa paa. Katika ramani, sehemu hizi ni mistari miwili inayogusana. Kwenye mjengo ni mafundi wawili wa kazi tofauti, na mara nyingi hakuna aliyeambiwa kiungo ni cha nani.

Maadui wanne wa Pwani

Wa kwanza ni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 600 likipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo la kawaida mwezi wa Mei, hupokea lita 30,000. Maji hayo lazima yapate njia. Paa bapa lisilo na mteremko hugeuka dimbwi, na dimbwi hutafuta ufa. Ndiyo maana mteremko wa angalau 1 kwa 80 hutakiwa, yaani sentimita 1 na robo kwa kila mita, na utando wa kuzuia maji hupandishwa ukutani karibu milimita 150 badala ya kukatwa pale sakafu inapoishia.

Mvua ya Pwani pia haianguki wima. Upepo wa mita 15 kwa sekunde hukandamiza kioo kwa nguvu inayotosha kuinua maji karibu milimita 14. Reli ya dirisha la alumini la kusukuma ikiwa na ukingo mfupi kuliko huo, maji huruka na kuingia chumbani hata kama dirisha limefungwa. Reli hizo huwa na vitundu vidogo vya kutoa maji nje. Mara nyingi fundi wa plasta huviziba kwa simiti, au mwingine huvipaka silikoni akidhani anazuia uvujaji. Kumbe ameziba mlango wa kutokea.

Wa pili ni chumvi. Chuma ndani ya zege nzuri hakipati kutu kwa urahisi, kwa sababu zege hukilinda kwa ukali wa simiti. Kloridi ya chumvi ya bahari ikipenya hadi kwenye chuma, kinga hiyo huvunjika. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma chenyewe, kwa hivyo huipasua zege kutoka ndani. Ndipo unapoona roshani imemwaga vipande na vyuma vimejitokeza. Chumvi huja na upepo, lakini pia huingizwa kwa mikono yetu, kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa au maji ya kisima cha chumvi yanayotumiwa kukorogea. Kinga yake ni zege isiyo na matundu, unene wa kutosha unaofunika chuma, na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari, chuma hicho chenyewe kina daraja: lile linaloitwa 316 hustahimili chumvi kuliko 304.

Wa tatu ni unyevu wa hewa, na hapa ndipo ramani za nchi za baridi hutupotosha. Ulaya, unyevu hutoka ndani ya nyumba yenye joto kwenda nje kwenye baridi. Kwetu njia ni kinyume. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutona maji ikigusa kitu chenye nyuzi 26 au chini. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 kina kuta baridi kuliko hapo. Hewa ya nje ikipenya kwenye nyufa, hutona maji nyuma ya kabati, juu ya dari ya jipsi, ndani ya ukuta wenye rangi isiyopumua. Matokeo ni ukungu mweusi kwenye pembe na harufu ya fukuto. Mpangaji huambiwa hafungui madirisha, ilhali chanzo kiko kwenye ganda, wala si tabia yake. Ukungu huo huwasumbua zaidi watoto na wenye pumu.

Wa nne ni jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri liko karibu na utosi mwaka mzima. Paa hupokea joto kali, na kuta za mashariki na magharibi hupigwa asubuhi na jioni na jua la chini ambalo kivuli kifupi hakilizuii. Jengo la vioo vinavyotazama magharibi huwa tanuri la jioni, na bili ya stima ya viyoyozi hulipwa na mkaazi, wala si na aliyechora. Joto hupanua vitu pia: fremu ya alumini ya mita 3 hurefuka karibu milimita 2 ikipata nyuzi 30 za ziada. Kiungo kisichoachiwa nafasi hupasuka, na msimu wa mvua hukuta ufa tayari.

Waliotutangulia walijua

Wajenzi wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa hawakuwa na kiyoyozi wala silikoni. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaweka vyumba vyembamba kwa kadiri ya urefu wa boriti za mikoko, baraza na roshani za kutia kivuli, na madirisha yenye mbao za kupitisha upepo. Chokaa hupumua: ukuta ukilowa hukauka. Kisha walipaka chokaa upya mara kwa mara, kwa kuwa walijua ukuta wa Pwani unataka kutunzwa.

Leo tunajenga kwa mawe yale yale ya matumbawe ya kukatwa, ila tunayafunga kwa plasta ya simiti na rangi ya plastiki nje na ndani. Maji yakipita ufa mmoja hayatoki tena. Rangi huvimba, chumvi hupanda ukutani kama unga mweupe, na kila mwaka fundi hupaka juu ya tatizo. Kurudia chokaa kwa ghorofa 12 si jambo rahisi. Lakini kanuni ni ile ile: zuia maji yasiingie, na yakiingia yape njia ya kutoka.

Kwa nini jengo la mchanganyiko ni gumu zaidi

Jengo la fleti tupu lina mtumiaji wa aina moja. Jengo lenye maduka chini lina watumiaji wengi chini ya ganda moja, na kila aina ina mahitaji yake.

Kuna slabu inayofunika maduka. Juu yake kuna bustani, bwawa, au uwanja wa watoto. Chini yake kuna duka la nguo au la dawa. Utando wa maji hapo ukishindwa, hauonekani, kwa sababu umefunikwa na vigae, udongo na zege. Kuurekebisha ni kung'oa kila kitu, huku mwenye duka akidai fidia ya bidhaa. Mshauri huweka utando huu juu kabisa katika orodha yake, pamoja na viungo vya upanuzi vinavyoukata.

Kuna mkahawa. Mvuke na mafuta ya jikoni huhitaji bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa, na kila ghorofa linalopita ni tundu la kuzibwa dhidi ya moto, harufu na kelele.

Kuna maegesho ya chini ya ardhi. Katika kisiwa cha Mombasa na kando ya ufuo, maji ya ardhini yenye chumvi hayako mbali na hupanda na bamvua. Ukuta wa chini ya ardhi hauwezi kupakwa dawa kwa nje baada ya kufukiwa, kwa hivyo ukikosewa mara ya kwanza umekosewa.

Na kuna uso wa duka. Mwenye duka hutaka kioo kirefu na kibao cha jina, na fundi wa kibao hutoboa ukuta kwa skrubu 20 bila kumuuliza mtu. Mshauri huchora mapema mahali pa kufungia vibao, viyoyozi na dishi, ili ganda lisitobolewe ovyo baadaye. Maji yanayotona kutoka kwenye viyoyozi nayo hupewa bomba lake, yasiteremke ukutani na kuacha michirizi ya kijani.

Kazi ya mshauri, hatua kwa hatua

Wakati wa kuchora, huangalia jengo linavyokaa kwa jua na upepo: upande gani hupigwa na kusi, madirisha yapunguzwe wapi, vivuli viwe na urefu gani. Mabadiliko ya penseli hapa hayagharimu chochote. Mabadiliko hayo hayo baada ya zege kumwagwa hugharimu mamilioni.

Ramani zikiendelea, huchora viungo kwa ukubwa halisi au nusu yake: kizingiti cha dirisha chenye mteremko wa nje na mdomo wa kudondoshea maji, ukingo wa paa wenye kifuniko, mlango wa roshani uliopanda juu ya sakafu ya nje. Mchoro mmoja kama huo una manufaa kuliko kurasa 10 za maneno.

Wakati wa zabuni, husoma bei za wanakandarasi kuona kama wametaja bidhaa zile zilizoandikwa. Mara nyingi bei ya chini imepatikana kwa kubadili utando au kupunguza unene wa alumini.

Kabla ya kufunga madirisha 200, huagiza sampuli: kipande kimoja cha ukuta chenye dirisha, plasta na viungo vyote, kijengwe kando na kumwagiwa maji kwa shinikizo. Kosa likionekana, limeonekana mara 1, halijarudiwa mara 200.

Mjengo ukiendelea, hukagua kazi kabla haijafunikwa. Utando wa paa na wa bafu huzibwa mifereji, hujazwa maji ya sentimita kadhaa na kuachwa saa 24 hadi 48. Chini yake dari huangaliwa. Madirisha hupigwa maji kwa kipimo kilichokubaliwa. Pale nguzo ya zege inapokutana na ukuta wa mawe, ambapo nyufa ndefu hupenda kutokea, huhakikisha wavu umewekwa kabla ya plasta.

Mwisho, huandika kitabu cha utunzaji: mifereji isafishwe kabla ya masika na vuli, silikoni ikaguliwe kila baada ya muda fulani, rangi ya nje ipakwe lini, na simu ipigwe kwa nani. Bila kitabu hiki, kazi yote iliyotangulia huanza kuoza siku ya kukabidhiwa funguo.

Waliojifunza kwa machozi

Taaluma hii ilikua kutokana na hasara. Vancouver na miji mingine ya pwani ya British Columbia, Kanada, ilijenga fleti nyingi za fremu za mbao katika miaka ya 1980 na 1990. Mitindo ilikopwa kutoka nchi za jua: kuta za plasta, paa fupi zisizotia ukuta kivuli. Mvua ya kule ni ya miezi mingi. Maji yaliingia kwenye viungo, yakakosa njia ya kutoka, na mbao zikaoza ndani ya kuta zilizoonekana nzuri kwa nje. Familia zilizokuwa bado zinalipa mkopo zikaletewa bili ya matengenezo ambayo wengine hawakuweza kuilipa. Mwaka 1998 tume iliyoongozwa na Dave Barrett, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, iliwasikiliza wenye nyumba. Sheria iliyofuata ililazimisha nyumba mpya ziwe na dhamana: miaka 2 kwa kazi na vifaa, miaka 5 kwa ganda, miaka 10 kwa mifupa ya jengo. Ganda likapata mstari wake katika sheria.

London ililipa kwa roho za watu. Usiku wa Juni 14, 2017, moto ulianza jikoni katika fleti moja ya Grenfell Tower, ukashika paneli za alumini zenye plastiki ndani zilizofungwa nje ya jengo wakati wa ukarabati, ukapanda hadi juu. Watu 72 walifariki. Paneli za sura hiyo zinapendwa sasa kwenye nyuso za maduka na maghorofa yetu, kwa sababu zinang'aa na kufungwa haraka. Kinachotofautisha iliyo salama na isiyo salama ni kiini chake, na kiini hakionekani kwa macho. Huonekana kwenye cheti cha majaribio ya moto, na anayestahili kukidai ni mwenye mradi kabla ya paneli ya kwanza kupanda.

Sheria ya Kenya na mzigo wa nani

Kwa miongo mingi Kenya ilijenga kwa kanuni za mwaka 1968. Kanuni za Kitaifa za Majengo za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili wanakandarasi na kukagua mijengo. Kaunti huidhinisha ramani. Hata hivyo ukaguzi huu kwanza huangalia kama jengo litasimama. Jengo linaweza kupita kila ukaguzi wa nguzo na bado likavuja kila masika.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, ile inayompa mwenye fleti hati yake mwenyewe. Wenye fleti wote huwa wanachama wa shirika linalosimamia mali ya pamoja, na hulichangia. Wengi husherehekea hati na kusahau upande wa pili: paa likivuja, si la mwekezaji tena. Ni la shirika, yaani ni lenu. Aliyejenga amekwenda kujenga kwingine, na kipindi cha kurekebisha kasoro kilichoandikwa kwenye mkataba wake mara nyingi ni miezi michache au mwaka mmoja. Kesi ya kuvunjwa kwa mkataba ina ukomo wa miaka 6, na ya uzembe miaka 3. Kasoro za ganda hupenda kujificha, kwa hivyo saa hiyo huanza kwenda mapema kuliko mnunuzi anavyodhani.

Kuna jambo moja la kusemwa wazi. Mshauri huajiriwa na mwenye mradi, na ripoti zake huenda kwa mwenye mradi. Mwekezaji anaweza kumweka kwenye tangazo, kisha akazitia kabatini ripoti asizozipenda. Mshauri wa aina hiyo ni pambo. Faida yake kwa mnunuzi hupatikana pale mkataba wa mauzo unaposema kwamba ripoti za ukaguzi, matokeo ya majaribio ya maji na kitabu cha utunzaji vitakabidhiwa kwa shirika la wenye fleti. Ni kifungu kifupi. Mwekezaji mwenye kazi safi hana sababu ya kukikataa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Nani amechora viungo vya madirisha, roshani na paa, na naweza kuiona michoro hiyo?

Je, sampuli ya ukuta na dirisha ilijengwa na kumwagiwa maji? Matokeo yako wapi?

Paa, mabafu na slabu iliyo juu ya maduka vilijazwa maji kwa saa ngapi, na nani alitia sahihi?

Mchanga na maji ya kukorogea zege yalipimwa chumvi?

Paneli za nje zina cheti gani cha moto?

Dhamana ya utando wa maji ni ya miaka mingapi, na itahamishiwa kwa shirika letu?

Mchango wa kila mwezi umetenga kiasi gani kwa rangi ya nje, silikoni na paa?

Kwa jengo lililokwisha, nenda ukalitazame siku ya pili baada ya mvua kubwa, si siku ya jua. Angalia pembe za dari ya ghorofa ya juu, nyuma ya mapazia upande wa kusi, chini ya roshani, na dari ya maegesho. Michirizi ya kahawia, unga mweupe wa chumvi au rangi mpya iliyopakwa kiraka kimoja tu vitakueleza mengi. Muulize mlinzi na mwenye duka la chini. Wao ndio hupanga ndoo.

Akiba ya miaka 20 ya mwalimu, baharia au mama wa biashara huingia katika fleti moja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ghorofa, ufa ni wa mtu mmoja lakini ukuta hulipiwa na wote. Ni bora maswali haya yaulizwe mezani, kabla ya hela kutoka, kuliko kuulizwa mwezi wa Mei chini ya dari inayodondoka.